Fundi Wetu wa Sauti

Tulipoanza kujifunza kutengeneza podikasti, sisi watatu tulitaka kusema. Wa nne wetu, binti mmoja, yeye peke yake alitaka kusikia. Tulirekodi kwenye stoo ya mama mmoja mshonaji, katikati ya majora ya vitambaa, maana vitambaa humeza mwangwi. Binti huyo alikaa sakafuni, hedifoni masikioni, macho kayafumba. Akinyanyua kidole, sote kimya. "Friji ya jirani," ananong'ona. Au, "Kaka, meza mate kwanza." Tulimcheka sana, ila tukirudia kusikiliza, friji imo kweli, inanguruma kama trekta.

Siku tuliyomhoji mama mshonaji mwenyewe, mtangazaji wetu alimuuliza ni nani aliyemfundisha kushona. "Dada yangu," akajibu, kisha akanyamaza. Akanyamaza mpaka tukaanza kutazamana. Mtangazaji akafungua mdomo aseme lolote lile. Fundi wetu, bila kufumbua macho, akamshika goti. Tukabaki tunasikia pumzi tu. Ndipo mama akasema, taratibu, "Hatujasemezana miaka tisa. Na kosa ni langu." Tulikuwa tukiingia humo kila wiki, na hakuna aliyejua kuwa ana dada.

Alipotulia, akatuomba tumtumie dada yake rekodi ile kabla ya kuirusha hewani.

"Pale uliponyamaza tupaondoe, mama?" mtangazaji akauliza.

Mama akamtazama yule binti, ambaye tayari alikuwa anatikisa kichwa.

"Msipaguse, wanangu. Pale ndipo nilipokuwa namwomba radhi."