Breki Niliyoifunga Muleba na Kuifungua Kibeta

Waliokuwepo siku ile Kibeta, kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la mikaratusi, nawataja wote ili asije mtu akasema nimeota. Alikuwepo mzee Sudi, mwenye duka la vitambaa Miembeni na mwenyekiti wa ligi. Alikuwepo Mwalimu Rwegoshora, mwamuzi, pamoja na simu yake. Alikuwepo Abdul, anayekimbilia timu ya Miembeni, ambaye wiki mbili kabla alikuwa wa Kibeta. Walikuwepo waendesha bodaboda wengine sita, ambao majina yao nilitajiwa wakiwa wameshavaa helmeti, kwa hiyo siwezi kuapa nani alikuwa nani. Walikuwepo watazamaji, mbuzi mmoja aliyefungwa kamba karibu na kona ya pili, na mdogo wangu Deo, katibu. Na mimi, Kokushubira, niliyetoka Kimwani kwa pikipiki nikiwa na mkungu wa ndizi ubavuni.

Sababu ya kuondoka ni simu ya Deo. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikawalea wadogo zangu wawili. Janeth, kitinda mimba, tuko naye hapa Kimwani, kwenye kibanja chetu cha migomba. Deo alisoma, akafika mjini, na sasa anauza simu Miembeni. Simu hizo ndizo zilizomwonyesha mbio za pikipiki za Waingereza. Alizifuata msimu mzima, tangu wenzetu hao wanapotoka kwenye baridi mpaka wanaporudi kwenye baridi, akajua timu, alama na majeruhi kuliko anavyojua majina ya majirani zetu. Kisha akaanzisha ligi ya hapa. Inaitwa Ligi Kuu na ina timu mbili, Kibeta na Miembeni. Nilimuuliza kwa nini iitwe Kuu. Akasema kwa sababu hakuna nyingine chini yake.

"Dada, tunahitaji mgeni," aliniambia kwenye simu.

"Mgeni wa nini?"

"Mwenzetu wa Kibeta amevunjika bega. Kwa Waingereza, timu ikipungukiwa inaazima mtu wa siku moja. Huyo anaitwa mgeni."

"Na mgeni huyo mnampa nini?"

"Hapewi kitu, dada. Anakimbia."

Kwetu mgeni hukalishwa, akapewa kahawa ya kutafuna, na akiomba jembe watu hushtuka. Lakini niliona nafasi yangu. Nikamwambia nitakuja, ila atarudisha. Jumamosi inayofuata mimi na Janeth tulikuwa tumepanga kuyajengea makaburi ya baba na mama. Saruji ilikuwa ndani, mchanga ulikuwa uani, na Deo alikuwa hajakanyaga Kimwani miaka minne.

"Nyumbani na ugenini," akasema kwa furaha. "Ndiyo kanuni yenyewe. Kila mechi ina marudiano. Ukija wewe, nakuja mimi."

Saa kumi na mbili asubuhi, Kimwani. Janeth alinifungia mkungu upande wa kushoto, kama siku zote. Upande wa kulia bomba la moshi huivisha ndizi kabla ya wakati.

"Mwambie Deo hizi ni ndizi," akasema. "Asije akatafuta pa kuzichajia."

Saa tatu, Muleba mjini. Askari wa barabarani alinipungia mkono nikasimama mbele kidogo ya pale alipotaka.

"Mama, breki ya nyuma iko wapi?"

"Ilikufa wakati wa kuvuna maharage, afande."

"Na unaenda wapi hivyo?"

"Bukoba, kwenye mashindano. Huko breki haziruhusiwi."

Akanitazama, akautazama mkungu. "Nani asiyeziruhusu?"

"Waingereza."

"Hapa ni Muleba," akasema, akanisindikiza mwenyewe hadi kwa fundi aliye karibu na stendi. Breki ikafungwa. Askari akaikanyaga mara tatu, akaridhika, akaniambia sasa naweza kuitwa dereva.

Baada ya Muhutwe kuna mteremko ambao miezi yote ile bila breki nilikuwa nikiushuka kwa kuburuza viatu. Siku hiyo nilisimama katikati yake bila sababu yoyote, kwa kuwa niliweza. Nikaondoka, nikasimama tena. Mtu aliyekuwa nyuma yangu na baiskeli aliniuliza kama naumwa.

Saa tano, Kemondo, manyunyu yalianza. Nilijifunika nailoni nikaendelea. Sikumwona mwendesha pikipiki hata mmoja aliyesimama kwa ajili ya mvua ile, na mtu wa Kagera akisubiri mvua ikatike ndipo atoke, atazeekea ndani.

Saa sita, Kibeta. Deo alinipokea akiwa na karatasi zimebanwa kwenye ubao. Hakuwa amebadilika, ila alikuwa na filimbi shingoni. Alizunguka pikipiki yangu kama anayeinunua, akainama.

"Hii nini, dada?"

"Breki. Ina saa tatu tangu izaliwe."

"Toa. Na ya mbele pia."

"Deo, nimetoka kuifunga."

"Kanuni haina huruma. Kule hakuna breki, hakuna kubadili gia, na kona zote ni za kushoto."

Fundi wao akazitoa zote mbili. Ile mpya niliifunga kwenye khanga yangu kama mtu anavyofunga kitu cha marehemu, nikaiweka chini ya mkungu tuliokuwa tumeushusha pembeni.

Nieleze mchezo wenyewe. Wanatoka wanne, wawili wa kila timu, wanazunguka mara nne. Wa kwanza ana alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anarudi na vumbi lake. Hiyo ni raundi moja, na raundi ni kumi na tano. Mbele ya pikipiki hunyoshwa utepe unaoruka juu mwamuzi akiruhusu. Utepe wa Kibeta ulikuwa tyubu za baiskeli zilizokatwa na kuunganishwa, na ulipoachiwa mara ya kwanza ulimchapa Mwalimu mwenyewe shavuni. Kila mtazamaji hupewa karatasi na kalamu aandike alama, kwa kuwa Waingereza huandika. Mzee mmoja jirani yangu aliandika zote kwa mwandiko mzuri sana, kisha akaniuliza timu ni zipi.

"Bibi ndizi," Abdul aliniambia tulipokuwa kwenye utepe, "ukifika kona ya pili usishuke kuuza."

"Wewe ni wa timu gani leo, baba? Nisije nikakupita kwa makosa."

Wenzake wakacheka, naye akashusha kioo cha helmeti.

Sasa sikilizeni. Miaka yote nimebeba mkungu upande wa kushoto, na pikipiki yangu imezoea. Fremu imelala kidogo, usukani unavuta, na nisipoushikilia vizuri nakunja kushoto hata kama njia imenyooka. Kwa Kimwani hicho ni kilema. Kwa Kibeta kilikuwa kipaji. Wenzangu waliziogopa kona, wakaburuza miguu na kutanua hadi kwa mbuzi. Mimi niliuachia tu usukani ufanye ulichotaka siku zote. Nilimaliza wa kwanza, na kwa kuwa sikuwa na breki niliendelea hadi kwenye ua wa jirani.

"Huyu mmemtoa wapi?" mzee Sudi akauliza.

"Ugenini," Deo akajibu, na nikaona amejivuna.

Raundi ya tano mbuzi alifunguka akakatiza njia, Abdul akaanguka, na mchezo ukasimama Mwalimu atafute kwenye simu Waingereza wanasemaje kuhusu mbuzi. Bando likaisha. Mzee Sudi akamrushia jingine. Ikaonekana hawasemi kitu, tukaendelea. Mpaka raundi ya nane Kibeta tulikuwa mbele, na mimi nilikuwa nimeanza kufikiria jinsi Janeth atakavyocheka Jumamosi, Deo akikoroga zege na filimbi yake shingoni.

Raundi ya tisa ilipoisha, mvua ikashuka. Mwalimu akanyosha mkono.

"Uwanja haufai. Tunaahirisha."

Watu ambao asubuhi ile ile walikuwa wamebeba abiria kwenye mvua, bila kuwauliza kama wanafaa, walikimbilia chini ya paa la bati. Mzee Sudi akapita akigawa nusu za tiketi zilizokatwa mlangoni, nami akanipa moja. "Zitunzeni, ndugu zangu. Siku ya kurudiwa mtaingilia hizi."

Nilimfuata Deo.

"Basi tuonane Jumamosi," nikasema. "Usichelewe, zege tunaanza asubuhi."

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Kuna tatizo dogo, dada. Kikanuni, mechi isipofika raundi ya kumi haihesabiki. Ni kama haikuchezwa."

"Mimi nipo hapa, Deo. Nimelowa."

"Upo, lakini kikanuni hujaja. Na marudiano hayawezi kutangulia mechi ya kwanza. Sio mimi, ndivyo ilivyo."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Mzee Sudi, ambaye ana watoto wakubwa, aligeuka pembeni, akaanza kuhesabu tiketi alizokuwa ameshazigawa.

"Siku tuliyomzika baba mvua ilinyesha," nikamwambia Deo. "Ulikuwa na miaka saba, umelishika gauni langu. Ulimwona nani akinyosha mkono?"

Alichukua kitambaa akaanza kuifuta pikipiki yangu, nayo bado ilikuwa inanyeshewa. Alifuta kiti, akafuta tangi, akarudia kiti.

Kesho yake asubuhi niliondoka. Deo alinifungia nailoni vizuri, akasema tarehe itatangazwa. Breki ya mbele aliirudisha kwa mikono yake. Ya nyuma ilikosa spana.

Muleba, saa nne. Askari yule yule.

"Mama, breki."

"Ninayo, afande. Iko kwenye khanga."

Alicheka mpaka akavua kofia, kisha akanipeleka kwa fundi yule yule.

Saa nane nilifika Kimwani. Janeth aliangalia nyuma yangu kama kuna mtu, akaona hakuna, akaenda kunipakulia chakula.

Niliyojifunza ni haya. Pikipiki yangu si mbovu, ilikosa uwanja. Waingereza ni watu wa utaratibu mzuri, na wameturahisishia sana kazi, kwani mtu asiyetaka kurudi nyumbani kwao sasa ana kitabu cha kanuni cha kuonyesha. Na breki ya nyuma ni kitu kitamu.

Jumamosi ilifika. Deo alituma ujumbe kwamba kamati haijakaa. Tulilijengea kaburi la mama, mimi na Janeth, na manyunyu yalitushukia mara mbili tusisimame. La baba tumeliacha udongo. Janeth alitaka tulimalize, nikakataa, maana hilo ni la Deo. Nusu ya tiketi nimeibandika ukutani juu ya mfuko wa saruji uliobaki, na mfuko nimeufunika turubai, kwa sababu saruji ikikaa sana hugeuka jiwe humo humo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani naubonyeza kwa kidole. Mpaka leo bado laini.