Nilisema ni Upupu

Ndugu mhariri, naomba jina langu lisitoke, maana gazeti hili linafika hata kwetu.

Nina miaka ishirini na mitatu, ni mke mdogo katika familia ya wafugaji huku Sitalike. Nina mtoto mmoja wa kiume, yuko mwaka wa tatu. Hasikii. Kichwa chake ni kidogo, na mpaka leo hajaweza kukaa mwenyewe. Mimi usingizi siupati tena.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, mimba yake ikiwa changa, watoto wa dada yangu waliugua vipele. Mama mkwe akanikataza kwenda kwao. Nikadanganya nakwenda mashineni kusaga, nikaenda kuwauguza. Wiki mbili baadaye nikatokwa vipele na mimi, na homa kidogo. Mama mkwe akauliza, "Hivi ni vitu gani?" Nikajibu harakaharaka, "Ni upupu tu, mayu. Umenipata shambani." Vikaisha kwa siku tatu, nikajiona mjanja.

Shambani nilikuwa nalima na mke mkubwa, sisi wawili tu. Mtoto alipozaliwa na hali ile, mama mkwe akaukumbuka upupu. "Upupu gani unamshika mmoja, mwingine unamwacha? Huyu kamrushia dawa!" Mke mkubwa aliapa mpaka sauti ikamkauka. Mume wetu akamrudisha kwao Kapalamsenga, watoto wake wanne wakabaki mikononi mwangu. Nami ile safari ya kwa dada sikuitaja. Nilijiambia labda kweli kaniroga.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto kwa daktari Mpanda. Akauliza kama nilitokwa vipele nikiwa mjamzito. Nikamweleza ukweli, yeye wa kwanza. Akasema kuna ugonjwa unaitwa rubela: mama unampitia tu, lakini virusi vyake vinamfikia mtoto tumboni, vinaharibu masikio na ubongo ambao ndiyo kwanza unaumbika. "Si uchawi, mama, na wewe huna kosa. Hukujua." Ugonjwa sikuujua, kweli. Lakini kwamba haukuwa upupu nilijua.

Mpunga ukishavunwa wazee watakaa kuvunja ndoa ya mke mkubwa, na jina la mchawi halitamtoka tena. Nikisema, nitafukuzwa mimi, na mtoto huyu nitamlea wapi? Juzi mchuuzi wa dagaa kaniletea salamu za mke mkubwa kutoka Kapalamsenga: "Mdogo wangu, mtoto wetu ameanza kukaa?"

Sijamjibu. Wasomaji, nishaurini, nifanye nini?