Chekeche ya Pili

Jumatatu, tarehe mbili Machi. Mvua ilinyesha alfajiri, uwanja wa kiwanda chetu hapa Kitale ukawa matope matupu. Ndivyo daftari langu linavyosema juu ya siku yangu ya kwanza kuwa muuzaji, mimi fundi wa kusaga wa miaka mingi. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo nikikosea mahali mnisamehe.

Meneja, mama wa maneno machache, alituita watu watatu. "Tunatoa unga mpya wa wimbi. Na kila mtu aache kiti chake. Hamisi wa stoo atanunua nafaka. Wambui wa mauzo atasaga. Mzee Wafula, wewe utauza kwenye soko la Chwele."

"Mimi, madam? Mdomo wangu umezoea kelele ya mashine."

"Basi utawasikiliza wanunuzi. Chwele wakiukataa, ile mashine ndogo ya kusaga tunaiuza."

Mashine ile niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Niliogopa, na nilifurahi pia, siwezi kudanganya.

Hamisi alileta wimbi safi, yaani ulezi, kutoka Kachibora. Alitafuna punje za kila gunia, magunia yenye mchanga akayarudisha. Mimi nikamfundisha Wambui. Chekeche ni wavu wa chuma unaochuja unga. Matundu yakiwa madogo, unga unakuwa laini. Nikamwekea ile ya matundu madogo kabisa.

"Mzee, wanunuzi wa wimbi wanapenda kusikia chenga za nafaka vidoleni," akasema.

Nikamcheka. "Binti, hiyo achia fundi."

Pale Chwele mama mmoja alifungua pakiti, akasugua unga kwa vidole. "Si hii ni poda, bana. Umechanganya na nini?"

"Ni wimbi tupu, mama."

"Ati wimbi. Wimbi haitelezi hivi. Enda upake mtoto akitoka kuoga."

Watu wakacheka, wakaenda. Nikaona mashine yangu ikiondoka kwa sababu ya kiburi changu. Nikampigia Wambui simu hapo hapo sokoni.

"Weka chekeche ya pili, ile ya matundu makubwa kidogo."

"Si nilisema?"

"Ulisema. Na madam nitamwambia hivyo hivyo."

Nilimwambia, mbele ya wote.

Siku ya soko iliyofuata, mama yule yule akasugua, akanusa. Kisha akamgeukia dada yake: "Leta mfuko."

Kabla ya saa sita meza ilikuwa tupu. Nilimpigia Meneja nikiongea haraka mpaka akaniuliza kama nimeumia.

Wiki jana nimestaafu, na mashine bado inaunguruma. Sijui kama niligeuka muuzaji kweli; labda ilikuwa bahati, na sifa kubwa ni ya Wambui. Lakini miaka yote ile nilisaga bila kuona uso wa mtu anayepika.

Leo jioni tulikula ugali wa wimbi na mboga ya mrenda. Mke wangu alisugua unga kwa vidole kwanza, ingawa ni mimi niliyeuleta.