Ng'ombe Wangu Aliyetangulia Chuoni

Shule niliacha darasa la sita, na sijawahi kurudi hata kuuliza kama nilisahau sweta. Nyumba ya mawe ninayo hapa Kitale. Shamba ninalo. Sokoni, ng'ombe akiteremshwa kwenye lori, nakwambia umri wake kabla hajageuza kichwa.

Kwa hiyo kijana wangu aliponiambia kwamba msichana anayetaka kumwoa anasomea afya ya mifugo katika chuo kimoja upande wa Mabanga, nilicheka. Ng'ombe naye anasomewa? Nikatoa msimamo: mahari nitapeleka, watu wao wa Sirisia ni watu wazuri, lakini siku ng'ombe wakiingia boma la baba yake, chuo kimeisha. Mke wa mwanangu hatavaa glavu ya kufika begani na kuingiza mkono nyuma ya ng'ombe za watu. Kijana akapeleka ujumbe. Nilisikia msichana alilia.

Kati ya ng'ombe wa mahari kulikuwa na mmoja mweusi, mnene, anapendeza macho, ila tasa. Nilimnunua mwaka mmoja kabla, kwa bei ya tasa. Wakwe huangalia pembe na mafuta, hawaulizi tumbo. Hiyo ndiyo akili ambayo haifundishwi darasani.

Kabla ya siku ya mahari, mwalimu wa chuo kile alikuwa anatafuta ng'ombe mpole wa wanafunzi kujifunzia kupima mimba. Mimi ni mtu wa maendeleo. Nikampeleka yule mweusi, nikasimama kando ya kizimba nione elimu.

Wanafunzi waliingiza mkono mmoja mmoja, wakatoa, wakasema hamna kitu. Nikatabasamu. Ikafika zamu ya msichana wetu. Aliponiona akainamisha macho, maana kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawasemezani uso kwa uso, na yeye alishaanza kunipa heshima hiyo. Mkono ukaingia, ukakaa.

"Mwalimu, huyu ana mimba."

"Mwalimu, mwambie huyo ni tasa. Mimi ndiye nilimnunua."

"Mwalimu, mwambie mzee ndama amenisukuma mkono."

"Ati amesukumwa!" mwenzake mmoja akacheka. "Si ni matumbo hayo, bana!"

Nikapanda joto. "Mwalimu, mwambie ng'ombe huyu akizaa, nitamlipia masomo mimi mwenyewe mpaka diploma. Asipozaa, glavu avue, na asiivae tena."

Mwalimu alisimama katikati kama mkalimani wa kanisani, na sisi tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwalimu, mwambie mzee nimekubali."

Mwalimu alitaka kupima mwenyewe. Nikamkataza. Neno lilikuwa limeshatoka, basi ng'ombe ajibu.

Sasa siku ya mahari ikafika. Ningembakiza yule mweusi Kitale, Bungoma nzima kwa wakwe ingejua nimeingiwa na wasiwasi. Nikamtoa, kichwa juu, hata nikamsifu mbele ya wazee. Msichana akaendelea na masomo huku tukingoja, na kila kijana wangu alipotoka Sirisia nilimuuliza habari za wakwe, za mvua, za mahindi. Za ng'ombe sikuuliza.

Asubuhi moja baba wa msichana akanipigia simu.

"Mkwe, mahari yako imezaa."

"Imezaa nini?"

"Ndama jike. Anafanana na fahali wa jirani yako, yule niliyemwona kwako akiruka ua. Tukurudishie?"

"Mnirudishie nini? Mimi nilijua. Nilitaka kuwashangaza!"

Alicheka mpaka simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

Leo msichana yuko mwaka wa mwisho wa diploma, na mimi ndiye ninayemsomesha, watu wajue. Akija likizo hutibu mifugo yangu, mimi nikiwa nje ya ua, naeleza ugonjwa kwa sauti nikimwangalia ng'ombe.

Juzi nilikuwa soko la Myanga. Muuzaji akaniapia kwamba mtamba wake ana mimba. Nikamzunguka mnyama, nikamtazama kwa macho yangu haya yasiyokosea. Kisha nikasogea pembeni nikampigia kijana wangu.

"Muulize mwenzako kama ana nafasi leo," nikasema. "Mwambie aje na glavu."