Karatasi Kwenye Geti la Mwalimu Zdravka

Asubuhi hii Ognyan Drenchev anakanda unga mpaka nyusi zimekuwa za mzee. Haoni, hasikii, lakini maji yakizidi anajua kabla mwenye macho hajajikuna kichwa.

Ana miaka arobaini na mitatu. Kumi na tisa ameimaliza katika bekari hii ya Kamenovets, chini ya milima ya Balkani. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya macho na masikio akiwa na miaka sita. Maneno nayo yakaanza kumtoka, moja moja, kama wageni wanaoaga.

Aliyeyarudisha ni Mwalimu Zdravka. Alimwandikia herufi kiganjani kila siku, miezi minane, ndipo mtoto akajibu neno moja: mkate.

"Alikuwa na njaa," anasema mwalimu, sasa ana miaka sabini na minne. "Watu wanadhani nina kipaji."

Ognyan huongea mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Kumjibu ndiyo shughuli. Mji mzima, aliyejua herufi za kiganjani alikuwa Zdravka peke yake.

Ndiyo maana Machi iliyopita Ognyan alichanganyikiwa. Alimpelekea mwalimu mkate kama kawaida, akapapasa geti, akakuta karatasi mbichi, gundi bado inanata. Huku karatasi getini ni tangazo la msiba, nani asiyejua? Akavua kofia, akalia palepale, mkate kwapani.

Kumbe ni mume wa Zdravka, aliyetimiza miaka kumi kaburini. Wafu wa zamani nao hubandikwa upya kila mwaka, ila picha na jina havisomeki kwa kidole.

Jirani, Bibi Ginka, akamtikisa bega kumweleza. Ognyan akadhani anapewa pole, akazidisha kilio. Ginka naye akaanza kulia, bila kujua anamlilia nani.

Zdravka akatoka na kandambili zake, akamshika mkono. Ognyan aliujua mkono ule, na hapo ndipo alipoogopa zaidi.

"Mwalimu, umekufa," akamwambia.

Jibu likaja kiganjani: "Bado. Na mkate unapoa."

"Mpaka leo sijaelewa," anasema Ognyan. "Nilimlilia yeye, au nilikililia kiganja changu? Akifa, nani ataniambia amekufa?"



Tangu siku ile ya geti, kila mapumziko, Ognyan huvishika viganja vya wenzake wanne wa bekari na kuwafundisha herufi. Petko, mwenye bekari, hushikwa na mtekenyo na kuharibu somo. Bibi Ginka amejiunga bila kualikwa. Ameanza na matusi, na Ognyan anakiri kwamba hayo anayaandika bila kosa.

Kufikia Krismasi Ognyan anataka wawe kumi.

"Mmoja wao ndiye atakayeniletea ile habari ya mwalimu," anasema, akirudi kwenye unga. "Afadhali awe anajua kuandika vizuri."