Kiki ya Kwanza

Siku nilipokwenda kuposa kijijini Moa, mzee wa binti hakuniuliza nafanya kazi gani, wala ukoo wetu unatokea wapi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachungulia nje nilikoegesha pikipiki, akauliza swali moja tu:

"Hiyo yako inawaka kwa kiki ya kwanza?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kizee. Nikamjibu, "Mzee, ile ni ndege." Yeye hakucheka. Alisema posa ameipokea, nikah itakuwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na shekhe wao siku hiyo ana ndoa nyingine kijiji cha pili kabla ya magharibi. "Kwa hiyo ukichelewa, umechelewa," akasema. "Sitamsimamisha mtu mzima mlangoni kungojea injini."

Sasa niieleze hiyo ndege.

Nilipoinunua ilikuwa pikipiki ya watu wazima, yenye injini ndogo inayolia kama cherehani la mama wa jirani. Haikuwahi kunilaza njiani hata siku moja. Mafuta ilikuwa inanusa tu. Basi kwa wema wote huo, mimi nikaionea haya. Kijiweni pale Tanga mjini wenzangu walikuwa wananipita huku wananipungia mkono kama wanamuaga mgonjwa. Nikaenda kwa fundi, nikamwambia nataka kitu cha kusikika.

Fundi alifurahi kuliko mimi. Akaitoa injini yangu, akaitupa pembeni kwenye vyuma chakavu, akaniletea dude la cc mia mbili lililotoka kwenye pikipiki ya aina nyingine kabisa. Fremu ikakataa. Akaikata. Boliti zikakataa. Akachomelea. Kila kilichokataa alikichomelea, na kila alipochomelea alisema "hapo sasa hata Horohoro mpakani utafika umelala." Tukaweka rimu za kung'aa, shokapu za rangi ya dhahabu na bomba la moshi lililoweza kumwamsha maiti. Wallahi nilikuwa na furaha siku hiyo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Vijana wa siku hizi mtu anayependa kusikika wanasema anatafuta kiki. Basi mimi kiki hizo nilizipata zote. Kiki ya kuwashia ndiyo ikanikimbia. Asubuhi nilikuwa napiga mpaka ndara inaruka uwanja wa jirani, na jirani ananirudishia kwa upole mkubwa, mpaka akazoea kuningojea mlangoni. Ikiwaka, inachemka. Ikipoa, inavuja. Isipovuja, ujue oili imekwisha. Nilipomrudia fundi alikuwa na jibu lisilochakaa: "Injini haijazoeana na fremu." Kama mtu na mke mwenzie! Nikawa nangoja wazoeane.

Na huku Moa naenda kumwona binti na kumsimulia jinsi nilivyoitupa injini ya kwanza, kwa kisingizio cha kununua samaki. Nyumbani kwetu walikula samaki mwaka ule mpaka paka akakinai. Barabara kuu hunipa heshima yangu, lakini nikishakata kulia kuifuata njia ya vumbi ya kuelekea pwani, lile dude linachemka na kuzima. Hapo nashuka, nasukuma. Kabla ya kona ya mwisho kuna mteremko mdogo wenye mikorosho. Nikifika hapo najifuta jasho, nakung'uta vumbi, napanda, naiachia iteremke, natia gia, inashtuka, inaunguruma, na mimi naingia kijijini kifua mbele kama niliyetoka Tanga bila kugusa breki. Nilifanya hivyo safari zote. Hakuna aliyejua, au hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Ijumaa ya nikah ikafika. Mama yangu, wajomba na mashangazi walipanda kosta ya kukodi, wakaniachia nafasi mbele karibu na dereva. Nikakataa. Bwana harusi mzima aingie ukweni kabanwa na masufuria? Nikawaambia tangulieni, nitawapita njiani. Mama aliniangalia sana. "Mwanangu, leo tu," akasema. Nikambusu mkono, nikamwambia asiwe na wasiwasi, fundi ameikagua jana.

Na kweli niliwapita. Nilipiga honi, mashangazi wakapiga vigelegele dirishani, kanzu yangu ikajaa upepo. Huo ndio ulikuwa mwisho wa raha. Mbele kidogo injini ikaanza kugonga ndani, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nikaingia kwenye kichaka cha minazi ili kosta isinione. Ndiyo, nilijificha. Mama yangu akapita, wajomba wakapita, vigelegele vikapita, na mimi nimechuchumaa nyuma ya mnazi na joho langu. Nilipojaribu tena kuwasha, kiki haikushuka kabisa. Injini ilikuwa imekufa kifo cha kweli, imejifunga kama jiwe.

Nikasukuma. Jua la saa tisa, kanzu nyeupe, kilemba, joho, na chuma kizito cha kung'aa. Simu ikaita, mjomba. "Uko wapi?" Nikamjibu jibu la Watanzania wote: "Nipo hapa jirani, naingia." Akasema swala imeshaswaliwa na shekhe anaangalia saa. Hapo ndipo woga uliponishika. Niliwaza yule binti amekaa ndani na hina yake mikononi, watu wananong'ona, na baba yake anasimama kusema neno moja tu la kufunga shughuli. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo, lakini kwa jasho lile nani angejua.

Ndipo nikasikia cherehani.

Ilikuwa inakuja taratibu nyuma yangu. Mchuuzi wa samaki wa Moa, mtu mzima, anarudi kutoka kuuza na tenga lake tupu nyuma. Akasimama. Pikipiki yake ilikuwa na kutu mpaka kwenye taa, lakini nilipoinama kutazama injini nikaona waya mwekundu niliofunga mwenyewe kwenye mfuniko miaka ya nyuma. Ilikuwa injini yangu. Ile ya kwanza. Fundi alikuwa amemuuzia.

"Bwana harusi," akasema, "si ndiyo wewe tunayekungoja kula pilau?"

Tukaliacha lile dude kwenye banda la mama mmoja anayeuza mihogo, nikapanda nyuma na kulikumbatia lile tenga, maana pengine pa kukaa hapakuwapo. Akaipiga kiki moja. Ikawaka. Sikuweza kumtazama usoni.

Niliingia ukweni nanuka nguru. Shekhe alikuwa ameshavaa viatu. Mama mkwe mtarajiwa alijifunika mdomo kwa ukaya, sijui kwa kicheko au kwa harufu. Baba mkwe aliniangalia juu mpaka chini, akaiangalia pikipiki ya mchuuzi, akasema, "Haya, mvueni viatu shekhe."

Mahari tulikuwa tumeelewana zamani: pete ya dhahabu, nayo ilikuwa mfukoni. Lakini kwa desturi shekhe aliingia ndani kumuuliza binti mwenyewe kama ameridhia na mahari yake nini. Alikaa huko sana. Alipotoka alikuwa anakuna ndevu.

"Binti ameridhia," akasema. Watu wakahema. "Pete amesema avishwe mama yako. Mahari yake anataka injini ya kwanza ya pikipiki ya bwana harusi. Taslimu. Iwe inawaka."

Loh! Kisha kutoka nyuma, karibu na sinia, mchuuzi wa samaki akanyanyuka na tonge mkononi. "Shekhe, samahani. Hiyo mahari ni yangu!"

Jamvi zima likaangua kicheko, hata mjomba wangu niliyemdanganya kwenye simu. Mimi sikucheka. Nilimfuata yule mchuuzi kwa magoti, nikamwambia achukue anachotaka. Alifikiri huku anatafuna. Akasema rimu zile zinamfaa, shokapu zinamfaa, na hilo bomba la moshi atalipeleka kwa mwanawe anayemkera. Dude lenyewe hataki hata bure. Tukakubaliana tubadilishane pikipiki nzima kwa nzima, ya kwangu akaichukue bandani kwa mama wa mihogo. Akanikabidhi ufunguo ukiwa na magamba ya samaki, nami nikaukabidhi kwa shekhe, shekhe akaupokea kwa ncha za vidole. Nikatamka mbele ya watu kwamba nimekubali kumuoa kwa mahari ya injini iliyotajwa.

Kesho yake asubuhi tuliondoka Moa wawili, yeye kajifunika buibui jipya, kakaa kwenye kiti chenye kutu. Tulipofika kwenye ule mteremko wa mikorosho akanigusa bega nisimame. Akanionyesha kwa kidole, juu ya mikorosho, dirisha la bluu la nyumba yao. Kutoka pale unaiona njia nzima, mpaka kule mbali nilikokuwa nashukia na kuanza kusukuma.

"Unaliona?" akaniuliza.

Nikaliona. Masikio yakaniwaka moto.

"Baba alikuwa anasema huyu mwanamume mwongo, anasukuma halafu anajipandisha hapa chini. Mimi nikamwambia, baba, basi hesabu na kusukuma kwenyewe. Jua lote hili, na hajarudi nyuma hata mara moja."

Mimi ninayetafuta kusikika nikaukimbilia ufunguo. Nikaipiga kiki. Kwa pupa mguu ukateleza, haikuwaka.

"Tulia," akasema. "Yangu hiyo, inakusikiliza."