Nilimwita mwizi mtoto niliyempa sigara kwa mkono wangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, naishi Kibaha kwa mwanangu. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi namsimulia, na nimemwapisha asimwambie mama yake. Jambo hili sijawahi kulitamka kwa mtu. Hata mume wangu alifariki bila kulijua.

Miaka ya sabini, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, sisi tulikuwa kijiji kimoja upande wa Kibuta, Kisarawe. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alifanya kazi Dar, akija mara moja kwa mwezi. Kwa kuwa nilimaliza darasa la saba, kijiji kikanipa kuuza duka la ushirika. Enzi zile sukari na sabuni vilikuwa vya kugawiwa, kwa hiyo muuza duka alikuwa mtu. Wazee waliniita mama kabla sijazaa.

Mwaka huo watoto walijificha kwenye mikorosho wakivuta sigara, kipisi kikashika majani makavu, vibanda viwili vikateketea. Mkutano wa kijiji ukaweka sheria. Zamani mtoto kutumwa sigara lilikuwa jambo la kawaida, lakini sasa ikawa mwiko: mtoto asiuziwe sigara wala tumbaku, hata akisema katumwa na mzazi. Akikutwa nayo ataadhibiwa, na aliyempa ataondolewa kazini. Mwenyekiti akanigeukia mbele ya watu wote. "Umesikia, mwanangu? Hapo tunakutegemea wewe." Nikajibu, "Nimesikia, mzee."

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na minne, darasa la saba, nitamwita Tatu. Alilelewa akimwashia bibi yake sigara kwenye kaa la jikoni. Anavuta mara moja, mara mbili, ndipo anampelekea, mpaka ikamkaa. Kisima chetu kilikuwa bondeni, na mimi miguu imevimba, siwezi kupanda kile kilima na ndoo. Alasiri moja Tatu akaja na maji kichwani bila kuombwa.

"Dada, nimekuletea maji."

Nikamshukuru. Akabaki amesimama.

"Naomba mbili tu. Bibi kanituma."

Bibi yake tulikuwa tumemzika miezi mitatu nyuma. Nilikuwepo msibani, nilikula pilau yake. Nikampa. Kesho yake akaleta ndoo nyingine. Tukaenda hivyo karibu miezi miwili, yeye maji, mimi sigara, na wala hatukuwahi kupatana kwa mdomo.

Siku moja mwalimu akazikuta kwenye daftari lake. Wakamleta mpaka dukani ameshikwa mkono: mwalimu, mwenyekiti, mama yake, kaka yake mkubwa, na watu nyuma yao. Mwenyekiti akamuuliza kazipata wapi.

"Kanipa dada."

Macho yote yakanigeukia. Niliona duka linaniponyoka, naona mume wangu akiambiwa mkeo kafukuzwa. Nikasema, "Mwongo huyu! Huwa anazungukazunguka hapa nikiwa nyuma napima unga. Kaiba." Wallahi neno la kuiba sikulipanga, lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

Tatu hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, na maji je?"

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Nikamjibu, "Maji gani?"

Mama yake akakaa chini palepale vumbini, akasema, "Mimi sikuzaa mwizi." Tatu akafukuzwa shule, mtihani wa kumaliza hakuufanya, na alikuwa wa kwanza darasani. Wiki ileile akapelekwa kwa shangazi yake Mlandizi. Mimi nikauza duka miaka minne zaidi, nasifiwa kwa uaminifu.

Hapa mtaani kwetu nagombana na wenye maduka wanaowauzia wanafunzi sigara, na siku hizi na hivi vitu vya kuvuta vya kuchaji. Vijana wanasema bibi mkali. Hawajui ninagombana na nani.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibuta kwenye msiba wa jirani yetu wa zamani. Tumekaa mkekani na wanawake wenzangu, mama mmoja akaja kuketi ubavuni kwangu. "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba, ndipo sauti yake ikanikata maini. Ni Tatu, naye sasa ana wajukuu. Nikamshika mikono, nikalia, nikamwomba msamaha. Hakuitoa mikono yake.

"Dada, mimi nilishakusamehe zamani, ili nipate usingizi. Sigara nayo niliiacha nilipopata mtoto. Lakini mama kafa akijua kazaa mwizi. Na kaka yangu mpaka leo nikienda kwake, mkewe anahamisha vitu sebuleni. Arobaini tutakuwa wote hapa. Msamaha wangu unao. Mimi nataka jina langu."

Tangu siku hiyo nahesabu siku. Arobaini ni Jumamosi hii. Watoto wangu watakuwepo, na mkubwa wao anaheshimika msikitini. Kaka yake Tatu ni mzee sasa, ana presha, naogopa habari hii itamfanyaje. Nimefikiri nimwendee peke yake, kwa siri, nimweleze. Lakini uongo wangu niliusema mbele ya kijiji, sikuunong'oneza kwa mtu mmoja.

Ninyi mnaosoma, wenye mama na bibi kama mimi, siku akisimama kati ya watu na kusema maneno haya, mtaweza kumtazama tena? Na nikimwambia kaka mtu faragha, itatosha, au nitakuwa nimemdhulumu Tatu mara ya pili? Nisaidieni mawazo, wanangu. Jumamosi ni keshokutwa.